Mkeka wa Siku ya Tatu

Insaf alikuwa na majina mawili kijijini. Watu wakiwa mbele yake walimwita Mama Habil. Akishapita, wakashusha sauti, alikuwa mwenye mkeka.

Mkeka wenyewe haukuwa na ajabu. Ulikuwa wa matete, umefumwa kama mikeka yote ya vijiji vya chini ya mlima mweupe, mashariki ya Nile. Ajabu yake ni mahali ulipokuwa na muda uliokaa hapo. Mtu akifa, wafiwa huketi chini kwenye mkeka siku tatu. Wanawake huja na vilio vyao, kahawa hunywewa chungu bila sukari, na hakuna anayechana nywele. Siku ya tatu kasisi huja na maji na ubani, akaomba, akanyunyiza maji pembe zote za nyumba, kisha mkeka hukunjwa ukatolewa nje. Hapo matanga yamevunjwa. Mfiwa anaweza kuendelea kulia, hakuna anayemkataza, ila sasa analia akiwa ameketi kwenye kiti.

Insaf alikataa. Siku ile ya tatu kasisi wa zamani alipofika na chetezo chake mkononi, alimkuta amelala kifudifudi juu ya mkeka, ameushika kwa kucha. Akamwambia kwamba mkeka huu utaondoka siku Ghattas atakapoondoka kijijini, si kabla. Yule mzee alisihi, akatoa mifano ya watakatifu, mwisho akanyunyiza maji kutokea kizingitini na kwenda zake. Ghattas hakuondoka. Mkeka nao haukuondoka. Ikapita miaka sita.

Ghattas mwana wa Sidhom, Baba Wisa kwa majirani, ndiye aliyeendesha mashine kule machimboni. Mashine ya kukatia mawe hutembea juu ya reli, msumeno wake wa duara ni mpana kama meza ya kulia, na ikishaanza kazi hutimua vumbi jeupe hata mtu asione mkono wake mwenyewe. Wanaume wanaorudi kutoka huko jioni huwa weupe kuanzia kope hadi visigino. Watoto wachanga huwalilia baba zao kwa kutowatambua. Habil alikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuzoa vifusi mbele ya msumeno kila mashine inapozimwa. Siku moja ya mwezi wa Kiahk, katikati ya mfungo wa kabla ya Krismasi, Ghattas aliwasha umeme kijana akiwa bado hajatoka. Alidhani ametoka. Aliwaambia hivyo polisi, akamwambia hivyo kasisi, akaja mpaka mlangoni kwa Insaf kumwambia hivyo, na Insaf akaufunga mlango neno "nilidhani" likiwa bado mdomoni mwake.

Tangu hapo hawakusemezana.

Kumchukia mtu wa kijiji kimoja nawe ni kazi, tena kazi isiyo na siku ya mapumziko. Insaf alilazimika kujua Ghattas anakwenda machimboni saa ngapi na anarudi saa ngapi, ili wasikutane njiani. Alijua siku anazokwenda kinyozi. Alijua kikohozi chake kwa mbali, kile kikohozi kikavu cha watu wa mawe, kama mtu anayekwaruza sufuria. Ilimbidi pia ajichunge asicheke hadharani, kwa sababu mwanamke mwenye matanga hacheki, na matanga yake hayakuwa yamevunjwa. Wageni wakija aliwaketisha kwenye ule mkeka. Alichambua dengu juu yake, akashona juu yake, katika majira ya baridi akalala juu yake. Pembe moja ilikatika, akaifuma upya.

Kanisani alikwenda kila Jumapili, na Ijumaa pia. Alifunga mifungo yote, asiguse nyama wala jibini. Lakini Komunyo hakupokea, maana alijua mwenye kinyongo hapeleki mdomo wake pale. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo walilijua wale tu waliosimama karibu naye upande wa wanawake. Watu walipokuwa wakisali ile sala ambayo kila mtoto anaijua, wakifika pahali pa kuwasamehe waliotukosea, Insaf alifunga mdomo. Wenzake walipita pale mbiombio, kama watu wanaovuka barabara yenye magari. Yeye alisubiri ng'ambo ya maneno, kisha akaungana nao. Hakutaka kumdanganya Mungu. Aliona afadhali amnyamazie.

Dada yake mkubwa, Nargis, alimsifu kwa hilo. Nargis alikuwa mjane kama Insaf, mrefu, mwenye kidevu kilichotangulia mbele, na aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Kila mwaka siku ya kumbukumbu ya Habil alikuja, akaketi kwenye mkeka, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayepapasa shingo ya farasi.

"Wewe ndiye mwanamke," alikuwa akisema. "Wengine huuza damu ya watoto wao kwa kikombe cha kahawa."

Insaf alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mwaka wa kwanza maneno yale yalimpa nguvu. Mwaka wa nne yalimfanya atamani kulala.

Ndipo alipokuja Abuna Yustus, kasisi mpya. Alikuwa kijana, ndevu zake bado hazijajaa, na kabla ya kupewa ukasisi alikuwa akiuza dawa mjini Minya; watu walisema ndiyo maana huongea polepole, kama mtu anayeeleza vidonge vya asubuhi na vya jioni. Insaf alikwenda kwake kuungama. Usidhani alikwenda kwa sababu moyo ulikuwa umelainika. Alikwenda kwa sababu magoti yalimuuma, usingizi ulimpotea, na Nargis hakuwa mtu wa kuambiwa neno "nimechoka".

Alimweleza Abuna yote, ingawa Abuna alikuwa ameshayasikia yote kwa watu. Alisubiri aambiwe asamehe. Alikuwa amekwisha andaa jibu, tena kali.

Abuna hakumwambia asamehe. Alimuuliza humkumbuka Ghattas mara ngapi kwa siku.

Insaf akafikiri. Alimkumbuka anapoamka. Alimkumbuka anapofunga mlango, anapopita dukani, anaposikia king'ora cha machimbo, anapokanda unga. Akasema hawezi kuhesabu.

"Basi unasali kuliko watawa wa jangwani, Mama Habil," Abuna akasema. "Ila sala zako zote zinakwenda nyumbani kwa Ghattas."

Insaf hakujua kama anataniwa. Abuna hakuwa akicheka. Akampa agizo, kama wafanyavyo makasisi baada ya maungamo: kila anapolitaja jina la mwanawe mbele za Mungu, alifuatishe mara moja jina la Ghattas mwana wa Sidhom. Jina tu. Asiongeze neno la heri wala la shari.

"Nisimwombee kitu?"

"Usimwombee kitu. Mtaje, kisha nyamaza."

"Na nikimlaani?"

Abuna akatazama mikono yake. "Utachoka," akasema.

Wiki za mwanzo Insaf alilitema lile jina kama kokwa la zeituni. Habil, Ghattas mwana wa Sidhom, na meno yakaumana. Mara nyingine alilisema kwa haraka hata yeye mwenyewe asilisikie. Mara nyingine alikaa kimya nusu saa nzima, akamtaja Habil wake peke yake, kisha akaona aibu kama mtoto aliyeruka zamu ya kuosha vyombo, akarudi kuanza upya. Alifanya hivyo asubuhi, adhuhuri na jioni, siku baada ya siku, mfungo ukaisha, Pasaka ikaja, ngano ikavunwa.

Mabadiliko yalikuja bila kubisha hodi, tena kwa namna ambayo hakuipenda. Siku moja ya joto kali, mkate wa jua umeanikwa darini uumuke, alilitaja jina la Ghattas kama kawaida, na nyuma ya jina hapakuwa na kitu. Ile hasira aliyozoea kuikuta pale haikuwepo. Akashtuka, kama mtu anayeingia chumbani mwake na kukuta kabati limehamishwa. Kesho yake hasira ilikuwa imerudi, mbichi, na nusura ashukuru. Lakini keshokutwa haikuwepo tena. Ikawa inakwenda na kurudi. Halafu siku moja alisikia kile kikohozi njiani, akajikuta anajiuliza kama yule mtu amenunua dawa.

Jambo hilo lilimtisha kuliko yote. Aliketi kwenye mkeka akajihisi mwizi. Alikuwa kama anayeingiza mkono katika mfuko wa mwanawe aliyekufa, anatoa kitu, anampa mtu mwingine. Hakumwambia Nargis. Hakumwambia yeyote isipokuwa Abuna, na kwake alikwenda kulalamika. Siku zote alikuwa amesikia mahubiri kwamba moyo wa mwenye imani hubadilishwa, na alidhani ni kama taa inavyowashwa: palikuwa giza, sasa pana nuru, mtu anaimba. Wake ulikuwa kama kuzoa vifusi kwa mikono, na kila asubuhi mlima umeshusha vingine.

"Kama hii ndiyo neema, Abuna, mbona inachosha hivi?"

Abuna alisema hajui. Yeye naye alikuwa na jina lake analolitaja, akasema, na mwaka huu ni wa nne. Insaf alirudi nyumbani akiwaza ni jina la nani.

Mwaka ukazunguka. Kiahk ikafika, na mfungo, na kumbukumbu ya sita ya Habil ikawa iangukie Jumapili. Siku kama hiyo familia humpa kasisi karatasi mbili za majina ili ayataje mbele ya madhabahu: karatasi ya waliolala, na karatasi ya wazima, yaani wagonjwa, wasafiri na wenye dhiki. Insaf hakujua kuandika. Nargis alifika darasa la nne, kwa hiyo Jumamosi alasiri walikaa kwenye mkeka, Nargis na penseli yake, Insaf na sinia la dengu mapajani akitoa mawe.

Walianza na wazima: binti wa Nargis aliyekuwa na mimba, jirani mwenye kisukari, Abuna mwenyewe. Wakaja kwa waliolala. Insaf akataja huku macho yakiwa kwenye dengu. Baba yao. Mama yao. Marehemu mumewe, Labib. Habil. Na kwa kuwa mwaka mzima na zaidi ulimi wake ulikuwa haujalisema jina hilo bila kulifuatisha jingine, ulimi ukaendelea wenyewe njia uliyoizoea: Ghattas mwana wa Sidhom.

Hakujua kama amesema. Alikuwa ameliona jiwe, dogo, la rangi ya dengu, analifukuza kwa kucha.

Nargis alisikia. Penseli ikasimama. Wapo wanaoamini kwamba jina la mtu mzima likisomwa kati ya wafu, mwaka hautaisha kabla ya mwenyewe kulifuata. Abuna angekemea akisikia imani kama hizo, lakini Nargis hakuwa akimuuliza Abuna kila anachoamini. Alimtazama mdogo wake kwa heshima ambayo hakuwahi kumtazama nayo, akailamba kidogo penseli, akaandika, kwa herufi kubwa zilizonyooka.

"Sasa ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Nimemaliza."

Kesho yake asubuhi palikuwa na baridi ya kuuma masikio. Kanisa lilijaa, pumzi za watu zikichanganyika na ubani. Karatasi za majina zilikuwa nyingi, maana Kiahk watu hufa sana, na Abuna Yustus alizisoma moja baada ya nyingine kwa kasi, jicho limetangulia ulimi. Insaf aliposikia jina la baba yake alijua ni karatasi yake. Mama yake. Labib. Habil. Akafumba macho.

"Ghattas mwana wa Sidhom," sauti ikasema.

Mwanzo alidhani ni ndani yake, kama siku zote. Kisha akahisi ukimya. Abuna alikuwa amekatika katikati ya pumzi. Mashemasi, ambao hawakuwa wakisikiliza, walishaanza kuitikia wakiwaombea marehemu raha ya milele, na uitikio ukazima wenyewe, sauti moja moja, mpaka akabaki shemasi mmoja kiziwi kidogo akiimba peke yake. Upande wa wanaume vichwa vyote viligeukia nguzo ya tatu. Ghattas alikuwa amesimama pale, mzima, shali la sufu shingoni. Akashika nguzo kwa mkono. Kisha akaketi.

Ibada iliendelea, kwa sababu ibada huendelea. Insaf hakusikia tena neno. Alikuwa akihesabu nyuma, jana, dengu, jiwe, penseli iliyosimama. Akageuka kumtazama Nargis. Nargis alitazama mbele, na kidevu chake kilikuwa kimepanda juu.

Uani, baada ya ibada, hakuna aliyekwenda nyumbani. Mke wa Ghattas, Estir, mwanamke mfupi ambaye kwa miaka sita alikuwa akipishana na Insaf huku ameinamisha kichwa, safari hii hakuinamisha. Alikuja moja kwa moja, mkono wake mmoja umeshika ubavu kama aliyekimbia.

"Mama Habil, sanda ya mume wangu umeikata lini? Maana mazishi nimeyaona, sanda sijaiona."

Nargis alijibu.

"Aliyesoma ni kasisi. Mgombezeni kasisi."

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Wakati huo Abuna alikuwa anatoka mlangoni, bado na mavazi ya ibada, na huenda alisikia au hakusikia. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya Ghattas, akapiga magoti kwenye changarawe, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Akasema amekosa, jicho lake limekosa, kasisi anayesoma majina bila kuyaangalia ni mchungaji anayehesabu kondoo akiwa amelala, na akamwomba Ghattas amsamehe. Ghattas akahangaika, akamshika mabega kumwinua, akikohoa, akisema inuka, Abuna, inuka, usinitie aibu.

Abuna alipoinuka alikuwa na vumbi jeupe kwenye paji la uso.

Insaf aliliona lile vumbi. Lilistahili kuwa kwenye paji lake, alijua. Hakuna aliyekuwa akimdai neno sasa. Angenyamaza tu, na kijiji kizima kingeamini kwamba Mama Habil amemzika adui yake akiwa hai, na kingemwogopa na kumheshimu mpaka siku ya kufa kwake. Mkeka ungebaki pale daima na hakuna kasisi ambaye angethubutu kuutaja. Angesema, kila mtu angejua kwamba mwaka mzima alikuwa akimpeleka Ghattas mbele za Mungu mkono kwa mkono na mwanawe, kama watu wa nyumba moja. Nargis angejua. Alitazama mlango wa ua. Ulikuwa hatua kumi tu. Magoti yalimuuma.

"Nimekosea karatasi," akasema.

Estir akageuka. "Karatasi gani?"

"Jina lake lilikuwa la karatasi ya wazima. Ulimi umenipotea. Kila siku namtaja baada ya Habil, basi jana nilipomtaja Habil..." Akasita. Hakuwahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya watu. "Ni agizo la maungamo. Mwaka na miezi sasa. Msinitazame hivyo, sikuwa namtakia mema. Mwanzoni hata kidogo."

"Na sasa?"

Aliyeuliza ni Ghattas. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha tangu mlango ule ufungwe. Sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko alivyoikumbuka.

Insaf alitafuta ile hasira. Alijua inapokaa, angeweza kuiita, ingekuja. Akaiacha.

"Sasa nimechoka, Baba Wisa," akasema. "Nimekubeba miaka sita, na wewe ni mzito. Njoo kesho na Abuna. Njooni muutoe ule mkeka."

Watu hawakujua washangilie au walie, wakafanya yote mawili kidogo kidogo, kwa adabu. Nargis hakufanya lolote. Alimsogelea mdogo wake mpaka Insaf akanusa uvumba kwenye ushungi wake.

"Mwanao umemwua mara ya pili," akamwambia, polepole, ili asisikie mwingine.

"Mwanangu yuko kwa Mungu, dada. Anayeoza pale chini ni mimi."

Nargis akaondoka kwa hatua ndefu. Ilipita Krismasi na Ubatizo wa Bwana kabla hajabisha tena nyumba ile.

Usiku Insaf alijuta mara saba, na kila mara alijigeuza juu ya mkeka ukalia kama mtu anayesaga meno. Asubuhi wakaja: Abuna na maji yake, Ghattas na Estir, majirani wawili. Abuna akaomba, akanyunyiza. Walipoushika mkeka ncha nne, haukutoka. Matete yalikuwa yameshikana na udongo wa sakafu, ikabidi Ghattas apige magoti aubandue kwa vidole, inchi kwa inchi, na ukatoka vipande vipande. Chini yake sakafu ilikuwa na rangi nyingine, nyekundu ya zamani, ile ya siku alipoolewa. Insaf alitazama akisubiri kuhisi kitu. Alihisi baridi miguuni.

Majirani wakaenda kazini. Estir akaenda kutupa vipande. Abuna alikuwa na mgonjwa wa kumpelekea Komunyo. Ghattas alibaki kizingitini, amesimama kama mtu anayengoja kufukuzwa, shali lake analizungushia vidole. Insaf alichemsha chai, akatia sukari, vijiko vitatu, kama inavyonywewa. Akampa. Mikono yake Ghattas ilikuwa imepasuka, na vumbi limeingia ndani ya mipasuko lisitoke tena.

Akanywa. Insaf akamtazama akinywa. Miaka yote ile alijua saa ambayo mwanawe alikufa, alijua polisi walivyosema, alijua jina la daktari aliyeandika cheti. Kulikuwa na neno moja hakuwahi kumuuliza mtu, kwa kuwa ni mtu mmoja tu aliyekuwa na jibu.

"Siku ile alikula?"

Ghattas akaishusha bilauri.

"Alikula."

"Alikula nini?"

"Mama Habil, ilikuwa mfungo."

"Najua ilikuwa mfungo. Nilimfungia maharage na kitunguu."

Ghattas akajikuna shingo. "Maharage alimpa mbwa wa mlinzi," akasema. "Alikula jibini yangu. Mimi Abuna wa zamani aliniruhusu, kwa ajili ya kifua. Nikamwambia, wewe mtoto, huna kifua wewe. Akasema anakohoa. Akakohoa pale pale nisikie." Akaiga kile kikohozi cha uongo, na kikawa cha kweli, ikabidi asubiri kipite. "Akaniambia, Baba Wisa, usimwambie mama. Sijamwambia mtu mpaka leo."

Insaf aliziba mdomo kwa ncha ya ushungi. Kilichotoka nyuma ya ushungi hakikuwa kilio hasa.

"Mwizi yule," akasema. "Tangu mdogo. Nilikuwa naificha juu ya kabati, anapanda juu ya ndoo." Akapangusa macho. "Alishiba?"

"Alishiba. Alilala kidogo juani, kichwa amekilaza kwenye kiatu changu. Sikuweza kusogea."

Insaf alitazama chumba, sakafu nyekundu, ukuta. Kulikuwa na kiti kimoja tu ndani ya nyumba, kimewekewa vyungu. Akaviteremsha vyungu chini kimoja kimoja, akakipangusa kiti kwa mkono, akakiburuta mpaka mbele ya Ghattas.

"Kaa," akasema. "Anzia asubuhi, alipofika. Usiruke kitu."